Fundisha vita vya Marekani kwa pamba mbegu

Walimu wenzangu wa Historia hapa Mwanza, mkifika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani (1861–1865), msianze na majina ya majenerali. Anzeni na pamba. Ombeni pamba mbegu kidogo (pamba ambayo bado haijatolewa mbegu) kwa mkulima wa Magu au Kwimba, mgawe konzi moja kwa kila kundi, wanafunzi waichambue kwa vidole kwa dakika kumi. Watashangaa nyuzi zilivyo chache. Hapo waelezeni mashine ya Eli Whitney ya kutenganisha nyuzi na mbegu, iliyobuniwa 1793: kuchambua kukawa rahisi, lakini kuchuma kulibaki kazi ya mikono, hivyo mashamba yakapanuka na watumwa wakaongezeka hadi karibu milioni 4 mwaka 1860. Chanzo cha vita wataanza kukiona wenyewe.

Kisha tokeni nje. Choreni chini ramani ya majimbo 11 ya Kusini, yenye watumwa, yaliyojitenga na Marekani, pwani yake na mto Mississippi. Wengine washike kamba mbele ya bandari, kama meli za Kaskazini, yaani upande wa serikali ya Marekani, zilivyozifunga. Wengine wafunge mto pale Vicksburg, mji uliosalimu amri 4 Julai 1863. Pamba ibaki imerundikana ndani. Waulizeni viwanda vya nguo vya Lancashire, Uingereza, vitapata wapi malighafi. (India na Misri.)

Ila nawasihi, msimpe mtoto yeyote nafasi ya mtumwa wala ya bwana. Maumivu yale hayaigizwi. Wasomeeni ushuhuda wa waliotoka utumwani, kisha waandike maswali ambayo wangependa kuwauliza.