Kuchambua fasihi ya Kiingereza: anzia pale tafsiri inapokwama

Mpwa wangu yuko kidato cha tano, tahasusi ya HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza). Mwezi uliopita alikuja hapa kwangu Ujiji na karatasi ya jaribio aliyoikunja mara nne. "Shikamoo mjomba. Kitabu nimekisoma mara mbili, hadithi yote ninayo kichwani, lakini alama ndizo hizi. Sijui wanataka nini." Nikaikunjua. Kurasa tatu na nusu, Kiingereza kizuri tu, na kila aya imeanza na tukio lililofuata: akaenda, akakuta, akarudi. Pembeni mwalimu ameuliza kwa wino mwekundu uchambuzi uko wapi.

Swali hilo niliandikiwa mimi pia nikiwa na umri wake, na sikujua nilifanyie nini. Nilichofanya ni kusimulia kwa urefu zaidi. Ilinichukua miaka kugundua kwamba kifaa nilichokuwa nakihitaji nilikuwa nacho mdomoni tangu utotoni, nacho ni Kiswahili. Tumekaa na mpwa wangu jioni nne, na hapa naandika tulivyokwenda.

Unachohitaji

Penseli, daftari, kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza, na ya Kiingereza kwa Kiswahili. Ile ya TUKI, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, inatosha kabisa. Programu ya kutafsiri iliyo kwenye simu iweke mbali. Sikatai kwamba inasaidia mahali pengine, ila hapa inakupa neno moja papo hapo na kukuondolea kukwama, na kukwama ndiko tunakokutafuta. Matirio ya steshenari, yale yenye dhamira na wahusika vimeshapangwa tayari, yasome ukishamaliza kazi yako. Ukianza nayo utayaona maandishi kwa macho ya aliyeyatayarisha, na hutaona kitu kingine.

Hatua ya 1: Soma sura nzima bila kuandika

Mara moja, kwa mwendo wako. Usipojua neno, pita.

Hatua ya 2: Chagua kipande kifupi

Kisizidi mistari kumi. Huwezi kuchambua kitabu kizima kwa mkupuo. Chagua mahali ambapo mtu anakutana na mtu, anaficha jambo, au anaamua.

Sisi tulichukua ukurasa ambao watu wa Ujiji tumeusikia tangu tukiwa shule ya msingi bila kuusoma: pale Henry Morton Stanley, mwandishi wa gazeti la Marekani, anapokutana na David Livingstone, mmisionari na mpelelezi aliyetumwa kumtafuta, hapa hapa, mwaka 1871. Stanley alikitoa kitabu chake mwaka uliofuata, na kwa kuwa haki zake zimeshaisha muda, kinapatikana bure kwenye tovuti ya Project Gutenberg. Niliutaka ukurasa huo kwa sababu mpwa wangu amepita kwenye ule mnara wa kumbukumbu ya mkutano huo mara nyingi, na alikuwa anaamini fasihi ya Kiingereza ni jambo la mbali.

Hatua ya 3: Kitafsiri kwa kalamu, kisha zungushia penseli kila ulipokwama

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, kwa hiyo nitakaa.

Andika tafsiri yako ya Kiswahili chini ya kila sentensi. Lengo si tafsiri nzuri. Unatafuta mahali ambapo kalamu inasimama: maneno mawili ya Kiswahili yanagombea nafasi moja, au Kiswahili kinakulazimisha useme jambo ambalo Kiingereza kimelinyamazia. Pale pana uamuzi wa mwandishi. Msomaji wa London anapateleza bila kupaona, ila wewe unapaona kwa sababu una lugha mbili.

Anza na jina la kitabu, "How I Found Livingstone". Tafsiri "found". Nilimpata? Nilimkuta? Nilimwona? Nilimvumbua? Mpwa wangu aliandika "nilimpata", akafuta, akaandika "nilimkuta", akaniangalia. Nikamwambia asichague kwanza, anieleze tofauti. Akasema: "Ukisema nilimpata, alikuwa amepotea. Ukisema nilimkuta, alikuwa yupo tu, wewe ndiye uliyefika." Hapo ameshachambua. Watu wa Ujiji walikuwa wakiishi naye na kumwona kila siku. Amepotea kwa nani? Kwa wasomaji wa magazeti ya Marekani na Uingereza. Neno moja la jalada limeshakuonyesha kitabu kinaandikwa kwa ajili ya nani.

Sasa ingia ndani. Kabla ya kumfikia Livingstone, Stanley anasikia mtu akimsalimia "Good morning, sir!" katikati ya watu. Ni Susi, mtumishi wa Livingstone. Stanley anamuuliza kama daktari yupo, katika kijiji hiki, ana uhakika? Susi anajibu ana uhakika, amemwacha sasa hivi. Hapo watu waliowazunguka, Stanley anawaita "crowd". Kurasa chache mbele, anapomkaribia Livingstone, anasema angemkimbilia kama asingekuwa mwoga mbele ya "such a mob". Mpwa wangu aliandika "umati" mara zote mbili. Kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza ikamsimamisha: "mob" ni kundi lisilo na utaratibu, la kuogopwa. Kiswahili hakina neno moja linalokaa hapo vizuri. "Umati" ni la heshima mno, "genge" linapeleka kwenye uhalifu. Watu ni wale wale, waliotoka kumpokea mgeni. Kilichobadilika ni hofu ya anayewatazama. Jambo hili lilimkera mpwa wangu, na nilifurahi kwamba lilimkera, kwa sababu hao ni mababu wa majirani zetu. Nikamwambia hasira yako ni halali, sasa ithibitishe kwa maneno mawili yale, moja kando ya jingine.

Kisha ile sentensi maarufu: "Dr. Livingstone, I presume?" Jaribu. "Nadhani" ni legevu mno, ina shaka ndani yake. "Bila shaka" inaua shaka yote. "Presume" iko katikati: nalichukulia kuwa kweli hadi ithibitike vinginevyo, kama mahakama inavyomchukulia mshtakiwa kuwa hana hatia. Halafu tazama kitu kingine: sentensi hiyo haina "wewe" wala "ni". Kiswahili kinakulazimisha uviweke, "wewe ndiye" au "ndiwe". Stanley hamgusi mtu hata kwa kiwakilishi. Na kumbuka Susi ameshamwambia, kwa hiyo hakuna anachouliza. Basi kwa nini aseme hivyo? Mistari ileile inajibu: angetaka kumkumbatia, lakini hakujua Mwingereza angelipokeaje jambo hilo, akafanya kile alichokiita mwenyewe woga na kiburi cha uongo. Akatembea taratibu, akavua kofia.

Nimetumia ukurasa mmoja. Katika maandishi mengine, haya ndiyo yanayomkwamisha Mswahili mara kwa mara:

"A" na "the". "A man came to the door" na "The man came to the door" kwa haraka vyote ni "mwanamume alikuja mlangoni". Jilazimishe: ni "mwanamume mmoja" au ni "yule mwanamume"? Hadithi ikianza na yule mtu kabla hujatambulishwa, mwandishi amekutupa katikati ya mambo kwa makusudi.

"He" na "she". Kiswahili chetu kina "a-" moja kwa wote. "Alimwambia anampenda" haisemi nani ni nani, Kiingereza kinasema. Andika majina juu ya viwakilishi kwa penseli. Na ukikuta binadamu ameitwa "it", simama hapo hapo.

"You". Hapa ni kinyume: sisi tuna wewe na ninyi, wao wana moja. Shairi linaposema "you", linamwambia mtu mmoja au sote? Usiamue haraka. Pengine mshairi anataka yote mawili.

"Was broken". "The pot was broken": chungu kilivunjwa, au kilikuwa kimevunjika? Kwenye "kilivunjwa" kuna mkono wa mtu. Kiingereza kinaweza kuuficha mkono huo, na mwandishi anayeeleza vita au ugomvi wa nyumbani anajua hilo vizuri sana.

Tahadhari sasa, maana hapa nilipoteza miezi. Si kila kukwama kuna maana. "The" iliyo kwenye "the sun" ni kawaida ya lugha tu. Kutojua neno pia si kukwama. Fungua kamusi, endelea. Kipimo ninachokiamini ni kimoja: ondoa neno la mwandishi, weka jirani yake wa Kiingereza, soma tena. Weka "crowd" mahali pa "mob". Kuna kitu kimepungua? Una hoja. Hakuna? Futa duara lako bila huruma. Katika maduara kumi na moja ya mpwa wangu yalibaki manne, nayo yalitosha.

Tahadhari nyingine: maandishi ya zamani yana maneno yaliyobadilika maana. Tafuta kwenye kamusi maana zote za neno, si ile ya kwanza tu.

Tamathali za semi sizirudii. Sitiari, tashibiha, tashihisi umeshazisoma kwenye Kiswahili na zinafanya kazi ileile. Ila usiziorodheshe. Kusema "hapa kuna sitiari" ni sawa na kusema kwenye mchuzi kuna chumvi. Sema imefanya nini kwenye mchuzi huo.

Hatua ya 4: Uliza nani ameshika kalamu

Anayesimulia si lazima awe mwandishi, na hata akiwa mwandishi mwenyewe, kama Stanley, bado anachagua utakachokiona. Ile salamu maarufu tunaijua kwa kuwa yeye ametuambia. Kurasa za shajara yake za mkutano huo zilichanwa. Hiyo haitoshi kusema alitunga, lakini inatosha kumsoma kwa tahadhari.

Chinua Achebe alilifanya jambo hili kuwa mwisho wa riwaya yake "Things Fall Apart" ya mwaka 1958. Tunakaa na Okonkwo kitabu kizima, halafu kwenye ukurasa wa mwisho tunahamia kwenye kichwa cha mkuu wa wilaya mkoloni, anayefikiria kumpa mtu huyo aya moja katika kitabu anachokusudia kuandika. Ukiuliza nani ameshika kalamu, ukurasa huo unakuchoma. Usipouliza, unauona kama maelezo ya kumalizia.

Hatua ya 5: Andika aya moja

Dai, neno la mwandishi ndani ya alama za kunukuu, kisha neno hilo linafanya nini. Nukuu iwe fupi: maneno matatu, manne. Usianze na maisha ya mwandishi, wala usianze na "baada ya hapo". Ukijikuta umeandika vitenzi viwili vya matukio mfululizo, umerudi kwenye kusimulia, kata.

Aya ya mpwa wangu ilianza na historia ya Ujiji, mistari mitano. Tukaikata yote. Ilipobaki, sentensi yake ya kwanza ilikuwa hii: "Stanley already knows the answer, because Susi has told him, 'presume' is therefore not doubt but distance." Sina cha kuongeza hapo. Sentensi tatu zilizofuata zilieleza kukosekana kwa "you", kofia, na ule woga alioukiri mwenyewe. Mistari minane jumla.

Kipande cha kwanza kilitula saa moja na nusu. Cha nne, dakika ishirini na tano. Jana jioni alikuja na shairi alilolichagua mwenyewe, la watu wawili kando ya maji usiku, na "still" amelizungushia penseli. Pembeni ameandika: bado? tulivu? hata hivyo? Kamusi ilikuwa wazi mezani, na simu ameiacha chumbani.