Jinsi ya Kuzuru Hekalu la Haedong Yonggungsa Wakati wa Mawio

Mahekalu mengi ya kale ya Kibudha nchini Korea Kusini yako milimani, lakini hili la jiji la Busan limejengwa juu ya majabali ya pwani, mawimbi yakivunjika chini ya kuta zake. Lilianzishwa mwaka 1376 na mtawa Naong, likateketea Wajapani walipoivamia Korea mwishoni mwa karne ya 16, na majengo unayoyaona leo ni ya karne ya 20. Ninapowapeleka wageni hufuata utaratibu huu.

Hatua ya 1: Hakikisha saa ya mawio kabla hujalala. Mwezi Januari jua huchomoza karibu saa moja na nusu asubuhi, na basi namba 181 kutoka mtaa wa Haeundae litakufikisha kwa wakati. Mwezi Juni huchomoza mara tu baada ya saa kumi na moja alfajiri, hivyo kodi teksi. Kiingilio hakuna.

Hatua ya 2: Ukishazipita sanamu za wanyama kumi na wawili wa kalenda ya Kichina, teremka ngazi 108 za mawe, ambazo idadi yake ni ile ya matamanio yanayomsumbua binadamu katika mafundisho ya Kibudha. Teremka polepole, kwa maana unyevu wa bahari huzifanya ziteleze. Njiani utaona sanamu ya Budha mwenye kitambi, ambaye tumbo lake limekuwa jeusi na kung'aa kwa kupapaswa na watu wanaoomba kupata mtoto wa kiume.

Hatua ya 3: Usivuke kwanza daraja la kuingilia hekaluni. Shika njia ya kwenye majabali yanayotazama mashariki, usimame hapo mpaka jua litoke baharini, kisha geuka nyuma ulitazame hekalu, kwani mwanga wa kwanza huangukia mapaa yake ya vigae, na rangi nyekundu na kijani zilizo chini ya mapaa hayo huonekana wazi kuliko saa nyingine yoyote. Wageni wengi hutazama jua tu, nami husikitika wanapokosa upande huo wa pili.

Hatua ya 4: Sasa vuka daraja. Mlango wa kati wa ukumbi mkuu ni wa watawa; wewe vua viatu na uingie kwa mlango wa pembeni. Ukimkuta mtu anasujudu, usipite mbele yake wala usimpige picha, maana saa hizo waliomo wengi wamekuja kuswali.