Somo: Kuondoa ^M kwenye msimbo (code), Windows na Linux zikitumia repo (hifadhi ya faili za Git) moja

Wakuu, swali la "nimegusa mstari mmoja, mbona git diff inaonyesha faili zima limebadilika?" linarudi kila wiki. Jibu nalibandika hapa. Windows humaliza mstari kwa baiti mbili, 0D 0A (CRLF). Linux na Mac za sasa hutumia 0A peke yake (LF). Ile 0D ya ziada ndiyo huonekana kama ^M, na miisho ikibadilika Git huona kila mstari umebadilika.

1. Kagua: `git ls-files --eol`. Ukiona `i/crlf`, CRLF imeshaingia ndani ya repo.

2. Kwenye mzizi wa repo weka `.gitattributes`:

```
* text=auto
*.sh text eol=lf
*.bat text eol=crlf
```

Hapa ndipo watu huharibu. Usisahau neno `auto`. Ukiandika `* text eol=lf` umeiambia Git kila faili ni maandishi, hata picha. PNG huanza na 89 50 4E 47 0D 0A 1A 0A. Git itaing'oa ile 0D na picha haitafunguka. Waliobuni PNG waliweka 0D 0A pale makusudi, uharibifu huu ujulikane mapema. Kibaya ni kwamba nakala ya kwenye diski yako inabaki nzima, anayeumia ni mwenzako akivuta. Ukiona onyo "CRLF will be replaced by LF" pamoja na jina la picha, simama hapo hapo.

3. Komiti (hifadhi kwenye Git) kwanza kazi uliyonayo, kisha `git add --renormalize .`, isawazishe upya miisho ya mistari.

4. Komiti mabadiliko hayo peke yake.

Maswali na majibu:

Haifanyi kazi.
Amri ipi? Imejibu nini? Bandika hapa.

Nina autocrlf=true (mpangilio wa Git wa kubadili CRLF na LF), haya yote ya nini?
Hiyo iko kwenye mashine yako tu. `.gitattributes` inasafiri na repo, na ndiyo inayosikilizwa kwanza. Soma hatua ya 2.

Mkuu, Docker inasema entrypoint.sh "no such file or directory", na ls inalionyesha. Kwa nini?
Swali zuri. Mstari wa kwanza, `#!/bin/sh`, una 0D mwishoni, hivyo Linux inatafuta programu iitwayo `/bin/sh\r` (`\r` ndiyo hiyo 0D). Kisichopatikana ni hiyo programu, skripti yako ipo. Endesha `sed -i 's/\r$//' entrypoint.sh`, halafu jenga imeji upya.

Sasa git blame (amri ya kuonyesha nani aligusa mstari mara ya mwisho) inanitaja mimi kila mstari.
Andika namba kamili ya ile komiti ya hatua ya 4 kwenye `.git-blame-ignore-revs`, kisha `git config blame.ignoreRevsFile .git-blame-ignore-revs`. Matawi ya zamani yaunganishe kwa `git merge -X renormalize`.