Mjumbe mpya wa kamati ya maadili ya utafiti: jinsi ya kusimamia utafiti unaohusu wagonjwa

Mwongozo huu ni wa aliyeteuliwa karibuni kwenye kamati ya maadili ya hospitali au chuo hapa Tanzania. Uwe daktari, muuguzi, mwanasheria au mwakilishi wa jamii ambaye hajawahi kushika andiko la utafiti (mpango wake ulioandikwa), mezani sauti yako ina uzito sawa na ya profesa. Itumie.

Hatua ya 1: Jua mipaka yako

Kamati ya taasisi hupitia utafiti wa taasisi yake. Kitaifa ipo kamati iliyo chini ya NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, na Zanzibar wana kamati yao. Jaribio la dawa au chanjo linahitaji pia idhini ya TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba), na mtafiti kutoka nje ya nchi lazima apitie COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia). Kibali chenu hakichukui nafasi ya hivyo vingine. Kama utafiti ni wako, au ni wa bosi wako, litamke hilo mwanzo wa kikao na utoke nje wakati wa uamuzi.

Hatua ya 2: Anza na fomu ya ridhaa

Wajumbe wengi huanza na andiko lenyewe. Mimi huanza na fomu ya Kiswahili, maana katika makaratasi yote hayo ndiyo itakayofika mkononi mwa mgonjwa. Isome kwa sauti. Ukikuta "utachukuliwa sampuli ya damu ya vena mililita 5 kwa uchambuzi wa kihematolojia", irudishe. Iandikwe hivi: "Tutakutoa damu kwenye mshipa wa mkono, kiasi cha kijiko kimoja cha chai, ili tupime wingi wa damu yako. Utasikia maumivu kidogo ya sindano."

Kisha uliza damu hiyo itahifadhiwa wapi, kwa muda gani, na kama itasafirishwa nje. Ikisafirishwa, mkataba wa kuhamisha sampuli uwepo na mgonjwa aambiwe waziwazi.

Sasa tazama nani atakayemwomba mgonjwa ridhaa. Mtu aliyelazwa wodini humwona daktari wake kama ndiye mwenye roho yake. Akiombwa naye, kukataa ni kugumu mno. Pendekeza aombwe na mtu mwingine asiyemtibu. Fomu iseme bila kuzunguka kwamba akikataa, au akijitoa katikati, matibabu yake yataendelea vilevile. Asiyejua kusoma asomewe mbele ya shahidi asiye wa timu ya utafiti, ndipo aweke dole gumba. Kwa mtoto, mzazi au mlezi ndiye anayeridhia, lakini mtoto mwenye umri wa kuelewa naye aulizwe, na akikataa asikilizwe.

Hatua ya 3: Pima hatari na faida

Utafiti uliopangwa vibaya hauna maadili, hata fomu yake iwe nzuri namna gani, kwa sababu watu watachomwa sindano bila jibu lolote kupatikana. Angalia kundi la kulinganisha, yaani wasiopewa tiba inayojaribiwa, linapata tiba gani, nani atalipa mtu akidhurika, na kama bima ya jaribio ipo. Kurudishiwa nauli ni haki ya mshiriki. Fedha nyingi kiasi cha kumfanya maskini ashindwe kukataa, hapana.

Hatua ya 4: Fuatilia baada ya kibali

Hapa ndipo kamati nyingi hulegea, na hapa ndipo penye uhai wa watu.

Chukua utafiti wa FEAST, ulioanza 2009 katika hospitali sita za Kenya, Uganda na Tanzania. Watoto walioletwa na homa kali huku mzunguko wao wa damu ukizorota walipangwa kwa bahati nasibu: wengine waongezewe maji mengi ya dripu kwa haraka, kama ilivyozoeleka katika nchi tajiri, wengine wapewe dripu ya polepole tu. Kwa kuwa mzazi aliyembeba mtoto mahututi hawezi kukaa kusomewa kurasa, kamati ziliruhusu akubali kwanza kwa mdomo, maelezo kamili na saini vifuate hali ikitulia. Watu wengi walitarajia maji ya haraka yaokoe watoto. Januari 2011 jopo huru la usalama, yaani wataalamu wasio wa timu ya utafiti wanaotazama takwimu jaribio likiendelea, likashauri usajili usimamishwe, watoto 3,141 wakiwa wamesajiliwa kati ya 3,600 waliolengwa. Ndani ya saa 48, takriban asilimia 10.5 ya walioongezewa maji haraka walikuwa wamefariki, dhidi ya asilimia 7.3 ya wengine.

Kwa hiyo, kabla hujasaini kibali cha jaribio lenye hatari, hakikisha andiko linaonyesha jopo huru hilo ni la akina nani, litatazama takwimu lini, na nani anaweza kusimamisha kazi. Baada ya hapo dai taarifa: kila kifo na kila madhara makubwa yaripotiwe ndani ya muda mliouweka. Mabadiliko ya andiko yaje kwenu kabla hayajatumika, isipokuwa pale yanapomwondolea mgonjwa hatari ya papo hapo. Kibali cha mwaka kisihuishwe bila ripoti ya maendeleo.

Na mtembelee eneo la utafiti. Msiishie ofisini kwa mtafiti mkuu kunywa chai. Ombeni mafaili machache mliyochagua wenyewe, mlinganishe tarehe ya saini ya ridhaa na tarehe ya damu ya kwanza kwenye rejista ya maabara. Damu ikitangulia saini, na andiko halikuruhusu ridhaa ya baadaye, simamisheni usajili siku hiyohiyo mpaka mpate maelezo.

Hatua ya 5: Funga utafiti

Ripoti ya mwisho ikija, usikubali jedwali tupu. Uliza washiriki wameambiwaje matokeo, na kwa lugha gani. Kama dawa imewasaidia, uliza nani ataendelea kuwapa mradi ukishaondoka.