Umri wa pama ya felti uko nyuma ya mkanda wa ngozi

Ukinipa pama kuukuu ya felti, yaani kofia yenye ukingo iliyotengenezwa kwa nyuzi za wanyama zilizoshikamana, uniulize ni ya miaka ipi, sitaanza na sura yake ya nje. Nitaigeuza kichwa chini karibu na dirisha, kisha nitaukunjua polepole ule mkanda wa ngozi unaogusa paji la uso. Nje mambo hubadilika: mwenye kofia hubonyeza kichwa chake, ile sehemu ya juu, apendavyo, hukata ukingo, hung'oa utepe na kutia mwingine. Nyuma ya mkanda ni wachache waliowahi kutia mkono, ndiyo maana ushahidi hubaki humo.

Lakini kwanza ipime ngozi kwa ncha ya kidole. Ikiwa bado laini, ikunjue sehemu ndogo ndogo, ukianzia nyuma kwenye kiungo chake. Ikiwa imekauka na ina mipasuko midogo, usiilazimishe. Inua ukingo wake kidogo tu, umulike kwa tochi, utosheke na utakachokiona. Mkanda wa asili ukishachanika, kofia imepoteza sehemu ya thamani yake, na hakuna tarehe inayolipa hasara hiyo.

Utakachokitafuta humo ni vikaratasi. Kimoja huwa na saizi, na mara nyingine namba za kiwandani. Saizi ya Kimarekani 7 ni takriban sentimita 56 za mzunguko wa kichwa, 7 1/8 ni 57, na 7 1/4 ni 58. Ya Kiingereza hupungua kwa nane moja, kwa hiyo 7 ya Uingereza ni sawa na 7 1/8 ya Marekani. Kumbuka hilo kabla ya kununua kofia usiyoweza kuijaribu.

Kikaratasi kingine, hasa kwenye kofia za Marekani, ni lebo ya chama cha wafanyakazi. Ni kidogo, na kingo zake zina meno meno kama stempu ya barua. Ikiwa imeandikwa United Hatters of North America, lebo hiyo ni ya kabla ya 1934, kwa sababu mwaka huo chama kiliungana na kile cha watengeneza kepu na kofia za kike. Baada ya hapo jina likawa refu, likiwa na maneno Cap and Millinery Workers. Mimi naiamini lebo hii kuliko maelezo yoyote ya muuzaji. Ila kukosekana kwake hakuthibitishi kitu: gundi huchoka, na si kila kiwanda kilikuwa na chama.

Baada ya mkanda, soma bitana. Muhuri wa duka ukiwa na anwani ya Marekani, angalia namba. Namba ya tarakimu moja au mbili baada ya jina la mji, mfano New York 17, inaangukia kati ya 1943 na 1963, kipindi cha kanda za posta. Namba ya tarakimu tano haiwezi kutangulia 1963. Kwa njia hii nimeona kofia iliyouzwa kama ya miaka ya thelathini ikipoteza miaka zaidi ya ishirini kwa mstari mmoja wa anwani.

Majina makubwa yanahitaji subira zaidi. Borsalino ilianza Alessandria, Italia, mwaka 1857. John B. Stetson alianza Philadelphia mwaka 1865, na kiwanda cha huko kikaacha kazi mwaka 1971. Jina la Stetson liliendelea kutumika kwa leseni, kwa hiyo jina peke yake halikuambii chochote kuhusu umri. Bitana inayotaja Garland, Texas, ni ya kofia ya baadaye. Na zile alama za X, ambazo watengenezaji huzitia kuonyesha ubora wa felti, zisikutie wazimu. Hakuna kipimo kimoja kinachowafunga watengenezaji wote, na wingi wa X umepanda kadiri miaka ilivyokwenda. 3X au 4X ya zamani inaweza kuwa na felti bora kuliko kofia ya leo yenye X nyingi zaidi.

Hapo ndipo mikono inapochukua kazi ya macho. Felti haifumwi. Ni nyuzi za wanyama zilizoshikamana kwa maji moto, mvuke na msuguano. Ya bei nafuu hutokana na sufu ya kondoo. Ile nzuri hutokana na manyoya ya sungura wa kufugwa, sungura wa mwituni, au biva, mnyama wa mitoni anayeguguna miti. Shika ukingo kwa vidole viwili, uupinde kidogo, uachie. Felti ya manyoya hurudi mahali pake bila kubaki na alama, na ni nyembamba lakini imara. Ya sufu ni nene, ina ukakasi, na ikinyeshewa huwa rahisi kulegea au kusinyaa. Inua pia utepe kidogo: rangi iliyo chini yake, isiyoguswa na jua, ndiyo rangi ambayo kofia ilitoka nayo kiwandani.

Upana wa ukingo nauweka mwisho makusudi. Ni kweli kingo pana zilipendwa miaka ya arobaini na kingo finyu miaka ya sitini, lakini wazee wengi waliendelea kuvaa mtindo wa ujana wao, na mafundi walikata kingo pana kufuata fasheni. Ukingo uunge mkono yale uliyoyasoma ndani, usiyapindue.

Kuna jambo moja la afya. Viwanda vya zamani vilitibu manyoya kwa chumvi ya zebaki ili yashikamane vizuri. Danbury, mji wa Connecticut uliotamba kwa kofia, mafundi walitetemeka mikono kwa sumu hiyo. Marekani ilikomesha matumizi hayo mwezi Desemba 1941. Kofia ya kabla ya hapo ishike kwa glavu, usiitie mvuke, usimpe mtoto achezee, na ihifadhi kwenye boksi lililofungwa. Ya kutazama iwe ya kutazama.

Kwa kofia ya kuvaliwa, brashi ndiyo kila kitu. Chukua ya nywele laini, moja kwa kofia nyeusi na nyingine kwa zenye rangi nyepesi, upige brashi kuzunguka kichwa kwa kufuata ulalo wa malaika, vile vinyweleo laini vya felti, kwa kawaida kinyume cha mwendo wa saa. Piga kwa upole, kila baada ya kuvaa. Vumbi likikaa huingia ndani likachanganyika na mafuta ya ngozi ya mtu, na hapo brashi haiwezi tena. Doa la mafuta linyunyizie wanga wa mahindi, uache usiku kucha, kisha ulipige brashi. Doa la jasho lililopenya hadi kwenye utepe mara nyingi halitoki, na mimi ningekuomba uliache. Kuliloweka kunaleta duara kubwa zaidi.

Mvua ikiinyeshea, ikung'ute, ukunjue mkanda wa ngozi utoke nje, uisimamishe kofia juu ya mkanda huo hadi ikauke yenyewe. Isiwekwe juani, wala karibu na jiko, wala ndani ya gari lililofungwa: ngozi husinyaa kwa joto ikavuta felti, na kofia ikawa ndogo. Umbo likipotea, pitisha sehemu iliyoharibika juu ya mvuke wa birika kwa sekunde chache, umbali wa shibiri moja, huku ukiuepusha mkanda. Tengeneza kwa vidole, acha ipoe. Na unapoivua, ishike kwa ukingo. Kule mbele panapobonyezwa ndipo felti hupasuka, kwa sababu kila mtu hupashika hapo.

Nondo ndio adui wa kimyakimya, hasa mabuu yake. Ukinunua kofia ya zamani, ifunge kwenye mfuko wa plastiki, uiweke kwenye friza la nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Ukiitoa, usifungue mfuko hadi ipate joto la chumba, ili umande ubaki nje ya plastiki. Baada ya hapo ilaze kichwa chini ndani ya boksi, na karatasi laini isiyo na asidi ikijaza kichwa, ili ukingo usibebe uzito.

Ikiwa pana kidogo, tia kipande chembamba cha felti nyuma ya mkanda, bila gundi. Ikiwa inabana, usiipanue kwa nguvu: ngozi ya miaka sabini haivutiki, inachanika. Mwachie mwenye kichwa kinachoienea.