Kuwafundisha Wanafunzi Kuwasiliana na Watu wa Utamaduni Mwingine

Mwalimu wa sekondari jijini Arusha anayetaka kuwafundisha wanafunzi wake kuwasiliana na watu wa utamaduni mwingine hana haja ya kusubiri wageni kutoka ng'ambo, kwa kuwa darasani mwake aghalabu yumo Mmeru, Mchaga, Mmasai na Mmbulu, na pengine mtoto wa mtumishi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki aliyetoka Uganda au Burundi. Wengi wetu huanza kwa kuwakaririsha wanafunzi orodha ya mila, kwamba kabila hili husalimiana hivi na Wazungu hupenda vile. Ningeshauri orodha hiyo iachwe kabisa, maana humfanya mwanafunzi adhani amekwisha kumjua mtu ambaye hajazungumza naye hata mara moja. Jambo la kufundishwa kwanza ni kutenganisha kile ambacho mtu amekiona na maana aliyokipa.

Mwelekeze kila mwanafunzi achore safu tatu katika daftari lake. Katika safu ya kwanza ataandika alichokiona au kukisikia, katika ya pili ataandika alivyokielewa, na ya tatu itabaki wazi hadi mhusika mwenyewe aulizwe. Chukua mfano wa kijana wa Kimasai anayeingia ofisini, akasimama mbele ya mwalimu mgeni na kuinamisha kichwa bila kusema neno. Mgeni huyo anaweza kuandika katika safu ya pili kwamba kijana ana hatia anayoificha, ilhali kijana anasubiri mkono wa mkubwa uguse utosi wake, kwani hiyo ndiyo salamu aliyolelewa nayo. Tukio hili liigizwe mara mbili kwa kubadilishana nafasi, wala usiwaharakishe waigizaji, kwa sababu ule muda wa kusubiri mkono usiokuja hufundisha kuliko maelezo yako yote. Darasa la Moshi linaweza kutumia jani la isale, ambalo Mchaga hulipeleka anapoomba radhi: asiyejua uzito wake ataona jani tu, na aliyelileta atajiona amedharauliwa.

Wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne wanaweza kupewa mfano mzito zaidi, na huu ulitokea papa hapa Arusha. Katika kesi ya Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya nchini Rwanda na kushtakiwa kwa mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, iliyosikilizwa na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda na kutolewa hukumu tarehe 2 Septemba 1998, mtaalamu wa isimu aliwaeleza majaji kwamba Wanyarwanda si mara zote hulijibu moja kwa moja swali lililo nyeti, na kwamba mtu aliyelelewa katika utamaduni wa masimulizi anaweza kueleza jambo aliloambiwa kama anavyoeleza jambo aliloliona. Majaji hawakulichukua hilo kuwa dalili ya uongo. Walijitahidi katika kesi nzima kuhakikisha kuwa mashahidi wanatofautisha waliyoyaona na waliyoyasikia. Baada ya kulieleza hili, wapange wanafunzi wawili wawili, mmoja asimulie ugomvi uliotokea sokoni Kilombero na mwenzake aulize maswali. Aulizaye "Una uhakika?" atamfanya msimulizi ajitetee, lakini aulizaye "Hapo ulikuwepo, au ulisimuliwa?" atapata jibu bila kumvunjia mtu heshima. Zoezi hili lirudiwe mpaka maswali ya namna ya pili yawatoke bila kufikiri.

Utani wa makabila unahitaji kipindi chake peke yake. Mchaga na Mpare hutaniana kuhusu fedha na ubahili tangu utotoni na kila mmoja anajua mpaka ulipo, lakini mwanafunzi aliyehamia mwezi uliopita hausikii kuwa ni utani, na akirushiwa neno kama hilo kuhusu kwao huumia kimyakimya huku wengine wakicheka. Usiupige marufuku, kwani utahamia bwenini. Waelekeze wanafunzi wamtazame anayetaniwa badala ya wanaocheka, na wanyamaze pale ambapo hakurudisha utani. Naliona hili kuwa jambo gumu kuliko yote, kwa sababu anayechekesha hupata sifa papo hapo.

Katika kupima, usitunge maswali ya kuorodhesha mila. Mpe mwanafunzi kisa kifupi ambacho watu wawili wameelewana vibaya, kisha mwambie aandike maswali matatu ambayo angewauliza kabla ya kutoa uamuzi, na alama nyingi ziende kwa swali linalompa mwenzake nafasi ya kujieleza kwa maneno yake mwenyewe.