Ukienda Santiago kwa miguu Oktoba, anza na begi

Kwa wanaojiandaa na hija ya Kikristo ya Santiago de Compostela, Hispania, vuli hii: kutoka Saint-Jean-Pied-de-Port, Ufaransa, ni kama kilomita 780, na kinachowachosha wengi mapema ni begi. Lipime likiwa na maji ndani; lisizidi sana asilimia 10 ya uzito wako. Jinzi iache nyumbani, ikilowa haikauki leo wala kesho.

Viatu ndiyo kazi kubwa. Nunua vinavyozidi kidogo saizi yako, maana miguu huvimba kwa kutembea kutwa, kisha uvizoeshe mtaani wiki kadhaa ukiwa na begi lile lile mgongoni. Soksi za sufu, jozi tatu zatosha. Zifue jioni, asubuhi zikiwa bado mbichi, zibane nyuma ya begi kwa pini zikauke njiani. Ukisikia kisigino kinachoma, simama hapo hapo ubandike plasta, usingoje kijiji cha mbele. Viatu vikilowa, vijaze magazeti usiku.

Galicia, jimbo lenye Santiago, mvua haina simile, kwa hiyo koti la mvua ni lazima. Chukua na kurunzi ya kichwani, kunakucha kwa kuchelewa. Hosteli nyingi za mahujaji hufungwa msimu ukiisha, na njia ya juu ya milima ya Pyrenees, ile ya Napoleon, mpakani mwa Ufaransa na Hispania, hufungwa 1 Novemba hadi 31 Machi. Ikifungwa, utapitia Valcarlos, njia ya bondeni. Kitabu chako cha hujaji kitie kwenye mfuko wa nailoni: kuanzia Sarria, mji ulio zaidi kidogo ya kilomita 100 kabla ya Santiago, kinatakiwa kugongwa mihuri miwili kwa siku.